Wimbo Langoni kwa Mreno

Harufu ya mbao mbichi za mninga bado hunirudisha Kasulu, kwenye kiwanda cha kupasua mbao cha Mzee Duarte, Mreno pekee tuliyemfahamu. Mama yangu alikuwa akifua na kupika nyumbani kwake. Mzee huyo alikuwa mlowezi Msumbiji, mwenye shamba lake, mpaka ilipojulikana kwamba anawaficha wapigania uhuru ghalani. Akakimbilia kwetu. Mkewe, Bibi Amelia, alimfuata kwa ajili ya kiapo cha kanisani tu. Moyo wake ulikuwa upande wa Ureno. Mtoto wao wa pekee, Tome, alibaki huko akavaa magwanda ya jeshi la Wareno. Bibi alimwambia mama kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Usimpe mume wangu nyama. Akale na rafiki zake wa porini." Mama alikuwa akificha viazi vitamu ndani ya kanga na kumpelekea mzee kiwandani.

Sisi watoto hatukujua hayo. Shuleni tulipeleka mahindi ya kuchangia ukombozi, tukafundishwa wimbo wa kumlaani Mreno, na kila tulipopita pale kiwandani mwalimu alisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Hakutuambia kwamba mbao za madawati yetu alizitoa mzee yule bure. Nilikuwa na miaka tisa na sauti kali kuliko wote.

Mwaka mmoja kabla Msumbiji haijapata uhuru, barua ilifika kupitia misheni. Tome alikuwa amekanyaga bomu. Mama alirudi nyumbani macho mekundu, akamnong'oneza baba, nami nikasikia. Kesho yake niliipeleka habari ile darasani kama zawadi. Mchana tulipotoka tukaenda moja kwa moja langoni kwa Mreno, nami nikaanzisha wimbo.

Mzee Duarte alitoka. Nilidhani atatufukuza. Akavua kofia, akasimama akitusikiliza mpaka mwisho. Ndipo Bibi Amelia akatokea barazani katika nguo nyeusi, akapiga makofi.

"Imbeni tena!" akasema. "Baba yake Tome ndiye aliyeulipia wimbo huu. Imbeni, asikie!"

Tukaimba tena. Mungu anisamehe, tuliimba mara tatu, na kila mara mzee alizidi kuinama. Mama alikuja mbio, mikono ina povu la sabuni, akanivuta sikio mpaka nje ya njia. Hakunichapa. Alisema tu, "Mwana wanje, mwanangu, umeimba juu ya maiti."

Bibi aliondoka kwa treni ya Kigoma bila kumuaga mumewe. Siku tuliposherehekea uhuru wa Msumbiji, Mzee Duarte alikuja uwanjani na shati jeupe lililopigwa pasi. Mgambo akamzuia: "Wazungu si leo." Akageuka, akarudi kwake peke yake. Nilimwona, nikaendelea kuimba na wenzangu.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Leo mwanangu wa mwisho ni askari, amepelekwa ng'ambo ya ziwa, na simu ya namba nisiyoijua ikiita humpa jirani aipokee. Watoto wa mtaani kwetu nao wana nyimbo zao za kumdhihaki adui. Wakipita wakiimba huwaita, huwapa ndizi, huwauliza majina ya mama zao. Wananiona bibi kichaa. Wakimaliza kula, huondoka wakiimba.