Mkimbiaji wa Katesh anayegeuka nyuma

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umeufunika Mlima Hanang, na Angela Gidahosh anasubiri kijiti. Amesimama kwenye uwanja wa shule mjini Katesh, mkono mmoja ameunyoosha nyuma, macho mbele. Glory anamjia mbio. "Shika!" anaita. Angela anageuka.

Ni jambo dogo, la kufumba na kufumbua. Lakini katika mbio za kupokezana vijiti, anayepokea akigeuka hupoteza mwendo, na timu nzima huchelewa. Mwalimu Kissa, kocha wao, anashika kiuno na kuwaambia warudie. Wanarudia. Anageuka tena.

Wasichana hawa wanne wamechaguliwa kuuwakilisha mji wao katika michezo ya kimataifa ya vijana itakayofanyika Jinja, Uganda. Mwalimu hakumung'unya maneno: Jumamosi ni majaribio ya mwisho, na Angela akigeuka, nafasi yake atapewa mwingine.

Ana miaka kumi na saba. Akitoka mazoezini hukimbilia mgahawa ulio karibu na stendi, huko huosha vyombo na kumenya viazi hadi jioni. Ujira wake unasaidia kodi ya chumba anachoishi na mama yake, Rogathe, kwani nyumba yao ya mtaa wa Jorodom ilichukuliwa na tope la mlimani.

Wenzake walimbandika jina la Twiga, kwa shingo yake hiyo isiyotulia. Glory, ambaye ni mgeni mjini, ndiye aliyelishadidia zaidi, mpaka siku alipohadithiwa habari za Loveness. Tangu hapo hajalitamka tena.

Loveness alikuwa dada yake Angela, na ndiye aliyekuwa akimpa kijiti. Baba yao ni mfugaji wa kijiji cha Gendabi. Wasichana walikaa mjini na mama kwa ajili ya shule, na likizo walikwenda kuchunga. Kwa Mzee Gidahosh kuna utaratibu wa kuswaga ng'ombe: mmoja anatangulia, mwingine anabaki nyuma akipiga mluzi. Wa mbele hageuki. Maadamu anasikia mluzi, anajua nyuma ni salama, yeye anatazama njia.

Utaratibu huo waliuhamishia uwanjani. Loveness hakuita "shika". Alipiga mluzi, na Angela akapokea bila kutazama.

Asubuhi ile ya Desemba 2023, mlima ulipomwaga tope, mawe na miti juu ya mji, mama yao alikuwa Mbulu akimuuguza ndugu yake. Wasichana walitoka nje peke yao, wakakimbia.

"Nilitangulia mimi. Nilikuwa nasikia mluzi wake, nikajua yupo, nikaendelea," anasimulia Angela, akiviangalia vidole vyake. "Halafu kelele zikazidi, mluzi sikuusikia tena. Nikasema, ni hizi kelele tu. Sikugeuka."

Mwili wa Loveness ulipatikana kesho yake. Angela akifika hapo katika simulizi hulia waziwazi, na hakuna anayemwambia anyamaze.

Mwalimu Kissa, aliyehamia kikazi kutoka Rungwe, alimtafutia njia: awe mkimbiaji wa kwanza, ambaye hapokei kijiti kwa mtu. Angela alikataa. Alisema hawezi kusimama mahali ambapo nyuma yake hakuna mtu. Glory alijitolea kujifunza mluzi. Hilo nalo alilikataa, kwa upole, akisema kwamba mluzi ule una mwenyewe.

Jumamosi ilipofika, Mzee Gidahosh alikuja na fimbo yake, akakaa pembeni ya uwanja. Angela alimwamkia shikamoo, akaenda kujipanga na wenzake. Mama yake alishindwa kutazama, akabaki kule stendi ya mabasi, mbali na uwanja.

Glory alikuja kasi, akaita. Kijiti kikaingia mkononi, na Angela akaondoka bila kugeuza shingo. Mbio zilipokwisha wenzake walimrukia kwa shangwe. Yeye alijitoa kati yao, akaenda kuketi chini kando ya baba yake.

"Baba, nimemwacha mara ya pili," alisema.

Mzee aliilaza fimbo yake chini. Si mtu wa maneno, na tangu msiba ule hakuwahi kuuzungumzia na binti yake.

"Wa nyuma kazi yake ni kuona, mwanangu," alisema hatimaye. "Anaona ng'ombe, anamwona na wa mbele. Loveness alikuona ukipita. Hakufa akikutafuta."

Kisha alijifunika uso kwa shuka lake, naye akalia.

Timu inaondoka mwezi ujao. Angela atakuwa mkimbiaji wa pili, nafasi ile ile aliyokimbia siku za dada yake. Anatamani wafike fainali, ila habari za medali hazimgusi sana. Akiulizwa kama hofu ya kugeuka imekwisha, anatikisa kichwa: haijaisha, na pengine haitaisha.

"Lakini nitatazama mbele," anasema. "Nataka anione tena nikipita."