Bukta za Kukulia

Shemeji yangu hakuhongwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililozungushwa kwa kinyozi wa mtaani kwetu, ambaye kiti chake kinazunguka sana lakini hakijaufikia ulimi wake.

Nilinyamaza mwanzoni nikidhani ni upepo, utapita. Lakini juzi wakwe wa binti yangu walikaa sebuleni kwangu, wakanywa chai yangu, kisha baba mkwe akakohoa kidogo na kuniuliza, kwa adabu zake zote, kama ni kweli ukoo wetu uliuza mechi. Ukoo wetu! Marehemu mume wangu alipostaafu alirudisha ofisini hadi kipande cha penseli. Sasa nasema, na wenye masikio wasikie.

Shemeji ni mdogo wa marehemu, na ni fundi cherehani. Watu humwita Pindo. Jina hilo si matusi, ni kazi yake. Tangu ujana wake ameshona sare za shule, na sare ya shule ikitoka mikononi mwake huwa na pindo la ndani, nene kama godoro. Mtoto akirefuka, mama anafumua kidogo. Mwaka unaofuata anafumua tena. Wapo watu wazima hapa mjini waliomaliza shule kwa sketi moja tu ya Pindo, wakairithisha wadogo zao.

"Mtoto anakua, shemeji," huniambia. "Kitambaa hakikui. Basi ni lazima mmoja amsubiri mwenzake."

Ni falsafa nzuri, ila ilimwingia hadi kwenye mifupa. Suti ya harusi yetu alishona yeye. Katika picha, marehemu anaonekana kama mtu aliyekuja kuoa akiwa na ndugu yake mwingine ndani ya koti. Nilipouliza, Pindo alinijibu, "Atanenepa." Marehemu alikaa miaka yote ya ndoa yetu bila kunenepa, Mungu amrehemu, na koti lile likabaki linamsubiri.

Sasa tuje kwenye timu. Ligi yetu ina utaratibu kwamba timu nne za juu huingia mchujo, na mshindi wa mchujo hupanda daraja. Mzunguko wa kwanza ulipokwisha, timu yetu ilikuwa ya tano. Hiyo ya tano ndiyo nafasi mbaya kuliko zote, kwa sababu wa mwisho hulala usingizi wake, lakini wa tano hushinda kutwa akipiga hesabu. Kwa kinyozi hakuna aliyenyolewa akatulia. Huyu anasema tukishinda nyumbani na wale wa ng'ambo ya reli wakifungwa, tumo. Yule anasema hatumo labda refa alale. Kinyozi mwenyewe alikuwa akisimamisha mashine katikati ya kichwa cha mtu ili ahesabu mabao, na kuna waliorudi kwao na nusu ya kichwa.

Mwenyekiti wa timu, mwenye duka la rangi na misumari, aliamua kwamba tatizo ni jezi. Zilikuwa zimepauka hata namba hazisomeki. "Wachezaji wanapasiana kwa kukisia," alisema. Akampa Pindo kazi ya kushona jezi na bukta mpya kwa ajili ya mzunguko wa pili, na akaahidi mbele ya watu kwamba timu ikiingia mchujo, suti za safari za wachezaji atashona Pindo huyo huyo.

Nataka ieleweke ahadi ile ilikuwa na uzito gani kwa shemeji. Mafundi wenzake wanaoshona suti walikuwa wakimwita fundi wa makamasi. Kwa mara ya kwanza maishani alipata kushonea watu wenye ndevu. Alikuja kwangu akiwa na futi shingoni, macho yanang'aa. "Shemeji," akasema, "nikifa leo, mwandike kwamba nilishonea timu."

"Usife," nikamwambia. "Shona kwanza."

Alishona. Kitambaa chekundu kizuri, mishono imenyooka. Lakini mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Mkono uliozoea watoto ulishona bukta za watoto, ila kubwa. Viuno vilikuwa na vishikizo viwili, kimoja cha mwaka huu na kimoja cha mwaka ujao. Kulikuwa na vitanzi vya kupitishia mkanda. Na kila bukta, bila kukosa, ilikuwa na nafasi ya kukulia.

Mshambuliaji wetu, ambaye kwa wepesi wake huitwa Kiberiti, aliivaa yake dukani kwa Pindo, akaivuta mbele kwa mkono. Mwingine angeweza kuingia.

"Fundi, mbona humu tunatosha wawili?"

"Utakua."

"Nitakua? Nina mke na watoto!"

"Baba yako alipata kitambi baada ya kuoa au kabla?"

Kiberiti akafikiri. "Baada."

"Basi utanishukuru," akasema Pindo, na kugeukia mwingine.

Kuzirudisha haikuwezekana, maana jezi za zamani zilikuwa tayari zimechanwa vitambaa vya kufutia rangi dukani kwa mwenyekiti.

Mechi ya kwanza ilikuwa na wale wa ng'ambo ya reli. Sikuwepo, lakini nimesimuliwa na watu wengi kuliko nilivyotaka. Timu yetu ilicheza mkono mmoja kiunoni. Kuelekea mwisho, bado sare, Kiberiti aliwapita mabeki, akampita na kipa, akabaki yeye na goli tupu. Hapo kishikizo kikakatika. Bukta ilishuka hadi vifundoni kama pazia. Kijana wa watu alikuwa na nafasi ya kuchagua kati ya mpira na heshima, akachagua heshima. Aliinama. Mpira ukapita taratibu pembeni ya mlingoti, na wapinzani wakaondoka na bao lao la shambulizi lililofuata, wakati watu wetu bado wanacheka na kulia kwa pamoja.

Tukawa wa sita.

Kufikia jioni, kinyozi alishapata kisa. Pindo kala hongo. Ushahidi? Kwanza, ana pasi mpya. Pasi ile nilimnunulia mimi. Pili, alionekana akimpima kocha wa wapinzani. Alikuwa akimpima mtoto wa kocha sare ya shule, na mtoto alikuwa ameshika mguu wa babaye, hakutaka kuguswa.

Mwenyekiti alikuja nyumbani kwangu akiwa amefura. Pindo alikaa kwenye kigoda pembeni, mdogo kama uzi.

"Mama, nakuheshimu," alianza mwenyekiti. "Lakini huyu shemeji yako ametuvua nguo."

"Kwa hilo unasema kweli," nikamjibu. "Ila aliyevuliwa si aliyeibiwa. Mtu anayetaka kuharibu kazi haweki mishono miwili kila pindo. Umeziangalia zile bukta?"

"Nimeziangalia. Zina vitanzi vya mkanda, mama. Vya mkanda!"

"Basi hilo ni kosa la mtu mwaminifu. Mwizi asingejisumbua kushona vitanzi."

Akageukia kigoda. "Sikiliza, Pindo. Jumamosi tunacheza na wale walio wa nne. Tukishinda, tumerudi kwenye hesabu. Bukta moja ikidondoka, hutashona mjini hapa hata kitambaa cha pua."

Shemeji alifumua viuno vyote, akaanza kuweka lastiki. Na hapo akakutana na mkono wake mwenyewe, kwa sababu shule zilikuwa zimefunguliwa, na lastiki yote iliyokuwa madukani alikwisha kuinunua yeye, akaishona kwenye sketi za wasichana. Akaokota vipande huku na huku. Vilitosha bukta zote isipokuwa moja.

Jumamosi nilikwenda uwanjani mimi mwenyewe, mara yangu ya kwanza, ili watu waone kwamba ukoo wetu haujifichi. Nilivaa nguo zangu za heshima, zote, kuanzia ndani hadi nje, kama nilivyolelewa. Kabla sijafika jukwaani, Pindo akanikimbilia.

"Shemeji, nimekwama."

"Umekwama wapi?"

"Kiunoni."

"Kiuno cha nani?"

"Cha Kiberiti."

Sauti ikatoka ndani ya chumba cha kubadilishia nguo: "Mama, mimi sitoki humu! Mara ile waliniona hadi wakwe zangu! Nitatoka na taulo!"

"Pini zipo?" nikamwuliza shemeji.

"Refa amekataa pini."

"Kamba?"

"Imekatika alipopiga chafya."

Nyuma yetu kinyozi alikuwa ameshatega sikio. Mwenyekiti alikuwa anakuja, uso umeiva. Nilimtazama shemeji, yule yule aliyelibeba jeneza la kaka yake upande wa mbele na kukataa kupokelewa, sindano mkononi na hana cha kushona.

"Unahitaji lastiki ya namna gani?"

Alijibu akitazama chini. "Ya kiuno cha mtu mzima, shemeji. Isiyo na nafasi ya kukulia."

Kulikuwa na stoo ya nyavu hapo karibu. Niliingia, nikafunga mlango. Nilipotoka, nilikwenda kuketi jukwaani, mkoba wangu nimeubana vizuri kiunoni kwa sababu kulikuwa na upepo.

Tulishinda bao moja, la Kiberiti. Alikimbia mikono yote miwili hewani, jambo ambalo halikuwa limeonekana tangu jezi mpya zije, na bukta haikushuka hata ukucha. Kwa furaha akajifunika jezi usoni. Hapo uwanja mzima ukaona, juu ya ule wekundu, ukingo wa lastiki nyeupe, pana, yenye lasi ndogo ya maua.

Kinyozi akanigeukia polepole. "Mama, lasi ile ni ya wapi?"

"Tazama mpira," nikamwambia.

"Mpira umekwisha, mama."

"Basi nenda nyumbani."

Leo timu ni ya nne. Pindo amefutiwa lawama zote, na kuna fundi wa suti aliyekwenda kumwuliza anakunjaje pindo lake. Lakini mdomo wa mtu hauna likizo. Kinyozi ameacha hongo, sasa ameshika lasi. Kiberiti naye ameapa kwamba lastiki ile haitolewi mpaka mchujo uishe, kwani nafasi yetu yote imefungwa pale. Na jana mwenyekiti alikuja tena, safari hii amevua kofia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kule ilikotoka ile moja hakuna nyingine kumi, kwa ajili ya timu nzima.

Kuhusu hongo nimejibu, na wakwe wa binti yangu wakisoma haya waridhike. Kuhusu lastiki, ni lastiki. Inashika. Nilimfungulia mwenyekiti mlango, akatoka. Na wewe unayesoma, usiniulize. Sisemi.