Nani Alimnyonyesha Kulthum?

Miaka ile ya utawala wa jeshi, redio ilikuwa haimalizi wiki bila kupiga marufuku kitu: leo sketi fupi, kesho wigi. Watu wa Kasubi walishazoea. Lakini hakuna aliyetazamia kwamba Shangazi Sabah, asiye na hata fimbo, sembuse bunduki, angesimama katikati ya posa na kupiga marufuku ndoa ya Kulthum.

"Haiwi!" alisema, sambusa ikiwa bado shavuni. "Hawa ni ndugu wa ziwa moja. Marehemu mama yake Tajudin alimnyonyesha Kulthum. Niliona kwa macho yangu haya."

Kulthum, mshona kanzu, alikuwa ameshavuka arobaini, na ulimi wake mkali kuliko sindano yake. Wachumba aliwakataa mpaka mtaa ukachoka: huyu anajisifu, yule anakoroma hata akiwa macho. Tajudin, fundi wa saa aliyefiwa na mke, ndiye wa kwanza kumchekesha. Sasa anaambiwa ni kaka yake! Na kwa Waislamu, walionyonya ziwa moja hawaoani, hata wakilia machozi ya damu.

Sheikh Habib akamgeukia shangazi. "Alinyonya mara ngapi? Sharti mara tano, za kushiba."

"Sheikh wangu, nilikuwa kitoto, si karani wa maziwa."

"Basi pana shaka. Ndoa ingoje."

Ingoje mpaka lini? Mama yake Kulthum alifariki akiwa ndiyo kwanza amemzaa, baba alishatangulia, na wote waliojua walikuwa makaburini. Kwa mawazo, Kulthum akamshonea mteja kanzu yenye mikono nyuma mbele. Alipokuwa akiifumua ndipo akakumbuka: mama yake aliacha nyumba, na kwa kuwa mrithi alikuwa mtoto mchanga, serikali ndiyo iliyokusanya kodi ya wapangaji ili kumlea, mpaka alipokua akaenda kuweka dole gumba na kupewa ufunguo.

"Kama walinilea kwa kodi yangu," alimwambia Tajudin, "lazima waliandika walilipia nini. Hata maziwa."

Wakashuka mjini kwenye ofisi ya mirathi. Kwa heshima, Tajudin alimfuata kwa nyuma kidogo. Macho yalikuwa yanamuuma, akavaa miwani nyeusi. Mwanamke mbele, mwanamume mwenye miwani nyeusi nyuma: siku zile nani asiyejua kwamba huyo ni jasusi wa jeshi na mtu aliyemkamata? Wapita njia wakagundua ghafla kwamba wana shughuli upande wa pili wa barabara. Hata foleni ya sukari iliwapisha!

Karani wa mafaili, Olweny, alipoiona ile miwani alisimama wima.

"Mzee, unataka faili gani? Chukua yote! Na funguo hii hapa!"

"Bwana, macho tu haya," Tajudin akavua miwani. "Mimi natengeneza saa."

Olweny akakaa, akajifuta jasho, akacheka mpaka kiti kikalia. Kwa furaha ya kubaki hai aliipekua stoo nzima, akatoka na faili lililoliwa na panya pembeni. Akasoma, kidole juu ya mstari.

"Hapa wanalipa Aloyo wa Namuwongo, kwa kunyonyesha mtoto. Halafu mkubwa wa ofisi anauliza, kwa nini kulipa, jirani si ana maziwa? Mjomba wa mtoto anajibu: 'Jirani, mama yake Tajudin, alijaribu mara moja. Mtoto alilikataa ziwa, hakuonja hata tone.'"

Tajudin akapiga paja. "Kumbe kukataa watu ulianza zamani!"

"Na nilianzia nyumbani kwenu," alisema Kulthum, akigeukia dirishani ili asionekane anavyofuta macho.

Sheikh Habib aliisoma nakala yenye mhuri, akatabasamu, akawaambia wapange siku. Shangazi Sabah hakutikisika. "Si nilisema niliona? Nani alisema alimeza?"

Lakini Kulthum hakupanga siku kwanza. Alikwenda Namuwongo, akaulizauliza kandokando ya reli, hadi kwa bibi mmoja wa Kiacholi aliyekuwa akisaga mbegu za simsim. Bibi akamkazia macho.

"Wewe mtoto ya Kasubi? Ile yenye kuuma?"

Siku ya nikaha, mkeka wa mama wa bibi harusi, ambao Kulthum alikuwa amekwisha kubali kwamba utabaki mtupu, ulikaliwa na Aloyo, kanga mpya mabegani. Shangazi Sabah alimsogezea sahani ya sambusa, akamnong'oneza kwa sauti iliyofika uani:

"Dada, kweli alikuwa akiuma?"

"Eee! Kila siku!"

Kutoka upande wa wanaume ikasikika sauti ya Tajudin: "Na mimi naambiwa sasa, ndoa imeshafungwa?"