Nilimzungusha rafiki yangu bwawa zima huku nikijua baba yake amefariki

Wakuu, habari za humu.

Hii si chai, ni kisa cha kweli. Mhusika mwenyewe nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika, akasema andika, ila jina langu badilisha. Basi tumwite Sefu.

Mimi niko Birmingham, Sparkbrook, mwaka wa tisa huu. Napakia mizigo ghalani. Sefu ni wa Tanga, anakaa Alum Rock, chumba kimoja, hana mke wala ndugu mji huu. Ndugu yake ni mimi.

Daktari alimwambia Sefu presha iko juu, atembee. Tangu hapo kila Jumapili asubuhi anakwenda kuzunguka lile bwawa la Edgbaston. Upande mmoja lina ukuta mrefu unaozuia maji, na kuna njia ya miguu inayolizunguka lote. Ukikaza mwendo unamaliza chini ya saa moja.

Kila Jumapili alinialika, na kila Jumapili nilikuwa na sababu. Nimesimama ghalani siku sita, ya saba nikatembee bure kwenye matope? Aende mwenyewe na presha yake.

Sasa Jumapili moja, mwishoni mwa Oktoba, saa tatu na nusu asubuhi simu ikaita. Athumani, mdogo wake Sefu, anapiga kutoka Tanga.

"Kaka, uko na Sefu?"

Nikamwambia siko naye.

"Mzee ametutoka alfajiri. Sefu hajui, na watu tumewazuia wasiposti. Nenda ukae naye, ndiyo umwambie. Akitulia nipigie, nimwoneshe uso wa baba kwenye simu kabla hatujamtoa ndani. Tunatoka saa tisa."

Wakuu, hii mnaijua. Kwetu mtu hapewi msiba kwa simu akiwa peke yake. Anatumwa mtu wa karibu, ahakikishe amekaa, ametia kitu tumboni, halafu aanze kwa mbali: mzee hali yake si nzuri, mzee kazidiwa. Siku zote nimeona ni utu. Ila sikuwahi kuwa mimi ndiye ninayetumwa.

Nikamwandikia Sefu, uko wapi? Akajibu yuko njiani kwenda bwawani. Nikamwambia leo nakuja. Akanirudishia vikatuni vya kucheka kama kumi hivi.

Kwenye basi nikapiga hesabu. Saa tisa ya Tanga, toa masaa mawili, ni saa saba mchana huku. Nikajiambia muda upo, hakuna haja ya kumvamia mtu.

Nimefika getini saa tano kasorobo. Sefu aliponiona alinyanyua mikono yote miwili.

"Leo mvua itanyesha!"

Nikamwambia kwani hapa kuna siku hainyeshi. Akacheka mpaka akakohoa. Akafungua chupa yake ya chai ya tangawizi, kikombe kilikuwa kimoja, akanipa mimi.

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Lakini mtu amefurahi namna ile kwa sababu yangu, nikasema ngoja tuanze kutembea kwanza.

Tukaanza. Nikasema ngoja tufike kwenye benchi la kwanza. Benchi likawa na watu. Nikasema ngoja tuwapite hawa bata bukini wenye fujo, ngoja tupite kwenye miti. Nilikuwa najipa ruhusa kidogo kidogo, na kila moja niliiona ina maana.

Na Sefu kwa kusimama hajambo. Wavua samaki wanamjua, wenye mbwa wanamjua. Mzee mmoja wa Kizungu akamuuliza "Brought a friend today?", yaani leo umeleta rafiki, na Sefu akanitambulisha kama vile nimetoka safari ya mbali. Mbwa wa yule mzee akanipiga matope mpaka magotini, nikachekwa tena.

Tukafika juu ya ukuta wa bwawa.

Niwaambie kitu kuhusu baba yake Sefu. Alikuwa fundi wa idara ya maji, mabomba na pampu, maisha yake yote mpaka akastaafu. Kwa hiyo Sefu kila akipita pale humrekodia video ya ule ukuta na kina cha maji, na mzee humjibu kwa sauti, anauliza maswali ya kifundi ambayo Sefu hana majibu yake.

Akatoa simu.

Wakuu, hapa ndipo nilikuwa na nafasi ya mwisho na nikaiona inapita. Akarekodi maji, akarekodi ukuta, akasema, "Mzee, wiki hii maji yamepanda, cheki mwenyewe." Halafu akanigeuzia mimi.

"Na huyu hapa ndiye yule rafiki yangu mvivu. Leo kaja. Msalimie mzee."

Nikapunga mkono. Nikasema, "Shikamoo mzee."

Na nikatabasamu.

Akaituma. Nikaziona tiki mbili.

Hatua chache mbele simu yangu ikaanza kutetemeka mfukoni. Nilijua ni Athumani. Sikuitoa, maana Sefu angeliona jina la mdogo wake. Ikatulia, baadaye ikatetemeka tena. Nikajiambia ataniuliza kama nimeshasema, na sijasema, kwa hiyo nitamjibu nini? Bado nina saa nzima.

Tulimaliza mzunguko saa sita na dakika kumi. Tukakaa kwenye benchi karibu na geti. Nikaanza kwa mbali kama tulivyofundishwa.

"Sefu, nyumbani wamepiga. Mzee hali yake si nzuri."

Akanitazama. "Amefariki?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Lini?"

"Alfajiri."

Akauliza tena, taratibu, "Alfajiri ya leo?" Nikaona kabisa anarudi nyuma kichwani, kwenye chai, kwenye vicheko, kwenye video. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Nikampigia Athumani haraka, nikampa Sefu simu. Hata mimi nilisikia sauti za watu wengi nyuma ya Athumani.

"Kaka, tumeshafika msikitini. Nimempigia huyo mara mbili."

Usiku wa kuamkia siku ile Waingereza walikuwa wamerudisha saa nyuma. Simu ilijirekebisha yenyewe, mimi sikujirekebisha. Tofauti na Tanga ilikuwa imeshakuwa masaa matatu. Saa tisa yao ilikuwa saa sita yetu, na saa sita ilinikuta natembea.

Uso wa baba yake hakuuona. Mazishi aliyaangalia palepale benchini kwenye simu, migongo ya watu na udongo, picha inakatika na kurudi. Mimi nilikaa pembeni yake nikalia kuliko yeye, jambo ambalo nalo lilinitia aibu.

Hitma tuliisoma kwa jamaa mmoja huku Sparkbrook. Sefu alinipa mkono kama alivyompa kila mtu. Baada ya hapo, wiki tatu kimya. Nikipiga hapokei, nikiandika anasoma tu.

Siku moja akaja kwangu mwenyewe. Hakukaa.

"Ya saa nimekusamehe," akasema. "Saa mtu yeyote anakosea. Lakini ulimwamkia baba yangu. Ulimwamkia, na mimi nikacheka."

Nilimwambia nisamehe, akasema anajaribu.

Nimelifikiria sana jambo hili. Siku ile niliamini namhurumia Sefu. Ukweli ni kwamba nilikuwa najihurumia mimi. Sikutaka kuwa mtu wa kuukunja uso wake ule wa furaha, basi kila benchi nikaliona si mahali pake. Wazee walituambia tumwendee mtu, tusimwache peke yake na habari. Hawakutuambia tukifika tumchekeshe.

Kwa hiyo somo langu ni hili. Ukitumwa, nenda. Ukifika, sema. Akianza kufurahi kwamba umekuja, ndiyo useme haraka zaidi.

Najua humu wapo watakaosema siku hizi mpigie tu mtu umwambie, tuko karne gani. Na wapo watakaosema nilifanya sawa, tatizo ni saa tu. Semeni yote, hata matusi nitayasoma. Hasa nyie mnaoishi mbali na kwenu: mnajua ni nani atapigiwa simu kwanza, kabla yenu?

Mimi wangu namjua. Siku hizi kila Jumapili naenda bwawani na Sefu, sijakosa. Mama yangu yuko Morogoro, ni mtu mzima sana sasa, na Jumapili iliyopita nilimwambia Sefu kwamba kaka yangu nimeshampa namba yake.

Nikamwomba kitu kimoja: ikitokea, anipigie hapohapo, aniambie kwa simu, asinizungushe.

Akakaza mwendo, akanitangulia hatua kadhaa. Nikadhani nimemtonesha.

"Kwa simu sikwambii," akasema. "Nitakuja. Ila nitakwambia mlangoni, kabla hujanikaribisha ndani."