Ganzi ya Mguu Mmoja

Nakumbuka siku tuliyomtoa babu yako kijijini Mwamgongo kwa boti, mguu umeoza kwa sukari, unanuka mpaka abiria wote wakajibana upande wa mbele. Sumu ilishaingia kwenye damu. Moyo umechoka, kifua kimejaa maji, mtu anahema kama samaki aliyetupwa mchangani.

Hospitalini mjini daktari, binti mdogo tu, akatuambia mguu ukatwe siku hiyohiyo. Lakini usingizi wa dawa moyo wake hautauweza, na sindano ya mgongoni itamshushia presha. Atatia ganzi mguu ule peke yake: achome kwenye kinena na nyuma ya paja, huku akiitazama mishipa ya fahamu kwenye kioo, kama kile wanachotazamia mimba.

Shemeji yangu, ndugu yake babu yako, mwenye mitumbwi yake pale ufukweni Kibirizi, akakataa. Ganzi ni ya jino, alisema. Mwanamume hawezi kulazwa macho wazi anasikia msumeno kwenye mfupa wake. Apewe usingizi au arudishwe nyumbani. Wanaume wote wakaitikia. Mjukuu wangu, debe tupu haliachi kuvuma.

Mama mkwe wangu alikuwa kakaa sakafuni, kajitanda kanga. Akamuuliza daktari jambo moja tu, kama mwanawe ataumia. Daktari akasema atahisi kuvutwavutwa, basi, na hagusi kisu kabla hajamjaribu kama ganzi imeshika. Hapo mama akamgeukia shemeji.

"Huo usingizi unamtakia nani? Anayeogopa msumeno ni wewe. Kalale wewe."

Mtu mzima na ndevu zake akatazama chini. Babu yako akanyanyua kidole: wamchome.

Tukakaa nje, tukingoja. Mlango ulipofunguka nilisikia sauti yake kabla sijakiona kitanda. Ananung'unika.

"Nawauliza wataanza saa ngapi, wananiambia wameshafunga bandeji."

Nilicheka, nikalia, kanga ikanidondoka mbele za watu, sikujali. Leo ana mguu wa bandia, na kila siku ananigombeza kwa chumvi ya mchuzi. Namwacha agombe.

Mjukuu wangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukiuguza mtu, usimchagulie tiba ya kutuliza hofu yako. Uliza mwili wake unaweza kubeba nini, umsikilize aliyesomea, na mgonjwa mwenyewe mwulize, maana hajafa bado.

Mungu akupe ujasiri wa kuuliza na masikio ya kupokea jibu, na kila utakayempeleka hospitali urudi naye nyumbani akinung'unika.