Mpini Alioukataa

Mume wangu alikuwa mrefu kupita kiasi kwa kazi aliyopewa. Wakati ule wa Wabelgiji, hapa Elisabethville, alipakia mawe ya shaba kwenye mabehewa madogo ya tanuru, na mabeleshi ya kikosi chao, waliyoyaita pele, yote yalikuwa na mpini wa urefu mmoja. Mfupi. Nadhani aliyeyaagiza hakuwahi kushika hata moja.

Alirudi jioni amejikunja. Mwanzoni alicheka, akasema ni uchovu. Halafu akaacha kukaa kwenye kigoda, akawa anakula amesimama, ameegemea ukuta. Nilimtazama nikaogopa, maana nyumba ile ya kambini ilikuwa ya kazi, si yetu. Mgongo ukienda, kazi inakwenda, na nyumba nayo.

Jumapili moja, tukitoka misa, alinionyesha kwa kidevu jirani yetu wa ukuta mmoja, mtu mfupi mwenye mabega mapana, wa kikosi kile kile.

— Angalia ule muntu. Tuko mu kazi moja, mawe moja. Ye mugongo haimuumake hata kidogo. Njo ye iko anakula yangu.

Njo ye, yaani ndiye: alikuwa akimwita mulozi. Kambini neno mulozi halikuwa la mchezo. Mtu akishaitwa mchawi, hata watoto wake hawapewi maji.

Kesho yake nilikuwa nafagia uwanja kwa ufagio wetu wa majani, ule mfupi, na kiuno kikaanza kuwaka mahali pale pale alipokuwa akijishika yeye. Nikasimama na ufagio mkononi kama mjinga. Jioni nikamwambia:

— Haiko bulozi, bwana yangu. Ni ile pele. Iko kipimo ya mufupi. We uko murefu, unainama muchana yote.

— We uko unamutetea?

Nilitoka nje kwa hasira. Nilikwenda kwa jirani mwenyewe nikamweleza habari ya mpini tu, ile nyingine nikaimeza. Hakuchelewa: alimwomba kapita, msimamizi wa kikosi, ruhusa. Alichonga mti mrefu, mgumu, akausugua kwa mchanga hadi ukateleza, akauleta mlangoni kwetu.

— Mama, patia bwana yako. Kapita amesha kubali aiweke mu pele yake.

Mume wangu alinikataza hata kuusogeza. Asubuhi na jioni aliuruka pale mlangoni, akiinua miguu kwa shida ili usimguse.

Siku moja mchana wakamleta wamembeba. Aliinama kuchota, hakuinuka tena. Aliyemshika miguu alikuwa jirani. Wakamlaza uwanjani, na mume wangu, jasho likimtiririka, akamnyooshea kidole mbele ya kambi yote:

— Mumeona? Njo ye!

Watu wakarudi nyuma. Jirani akabaki peke yake, mikono ikining'inia. Nikapiga kelele kwamba ni pele, ni pele. Hakuna aliyenigeukia.

Kapita alikuja kutuambia tuhame. Mume wangu alimsikiliza akiwa chali mkekani, ametulia, karibu kuridhika, kwa sababu aliona amethibitisha ule uchawi. Nilimchukia. Kisha nikamega bukari, ugali wetu, nikamlisha kwa mkono, kwa kuwa hakuweza kuinuka.