Nilimruka mjomba siku ya mahari: moyo ulivyonivuruga kumbukumbu

Wakuu, habari za mchana.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mchangiaji, na nikichangia ni mambo ya mpira au bei ya saruji. Leo naleta langu. Sitasema "kuna jamaa yangu mmoja", maana jamaa ni mimi mwenyewe, na ndugu yangu yeyote akipita hapa atanijua kabla hajafika katikati. Majina tu nimebadilisha.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Levolosi, nakaa Njiro, ila kwetu hasa ni Meru, kule juu kwenye migomba na kahawa. Hamsini nimeshaipita, sitini bado sijaigusa.

Niwaambie na sifa yangu mapema, msije mkanichukulia kama mzee wa kuhurumiwa. Mimi ni msemaji wa ukoo. Tena msemaji mzuri, wanaobisha wabishe.

Kwa wasioijua kazi hiyo: wageni wakileta mahari, wazazi wa binti hawaongei. Wanakaa kimya kama wamealikwa. Anayesimama ni msemaji. Anatambulisha ndugu mmoja mmoja, huyu shangazi, huyu bamkubwa, huyu tumemwoza kule. Kisha kitu kikitolewa anamwita anayestahili aje apokee. Kuna blanketi la bibi, blanketi la mjomba, asali ya wazee. Kila kitu kina mwenyewe na kina zamu yake.

Na karatasi hakuna. Ukianza kuwasoma ndugu zako kwenye karatasi, wageni wanaanza kuangaliana, kwamba hawa ni ndugu kweli au wamekodiwa. Mimi nilikuwa nasimamisha boma zima kwa kichwa, na utani juu, mpaka watu wa upande wa pili wanasahau kuwa nimewapandishia mahari.

Sasa twende kwenye tatizo.

Lilianza kidogo kidogo. Mteja anaomba bawaba, naingia stoo, nasimama humo nikijiuliza nimefuata nini, natoka na brashi ya rangi. Naweka sukari kwenye chai, nakunywa, naweka tena. Siku moja nilikwenda sokoni na gari nikarudi nyumbani na bodaboda. Mke wangu, Mama Upendo, akauliza gari liko wapi. Nikamjibu kwa ukali kwamba liko kwa fundi. Halafu nikaenda chooni nikakaa nikifikiria liko wapi.

Kichwa kilikuwa kama kimejaa ukungu, ule unaoshuka mlimani mwezi wa saba. Vitu vipo, unajua vipo, ila huvioni.

Na moyo nao ulikuwa na mambo yake. Nimekaa zangu natazama taarifa ya habari, ghafla unaanza kurukaruka kifuani kama kuku aliyefungwa kwenye gunia. Unaruka, unatulia, unaruka tena. Ngazi za stoo nikizipanda napumua kama nimebeba mfuko wa saruji.

Nilisema ni gesi. Si mnatujua wanaume. Nikaacha kahawa, mimi Mmeru niliyezaliwa chini ya mbuni, nikanywa tangawizi. Nilipima malaria, hamna. Nikapima typhoid, wakaikuta, kama wanavyoikuta kwa kila mtu, nikameza dozi. Ukungu haukuondoka. Mama Upendo akasema twende hospitali kubwa, nikamwambia asinizeeshe.

Ndipo ikaja siku ya Neema.

Neema ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Baba yake na mama yake walitangulia akiwa bado mdogo, akalelewa kwangu, ananiita baba. Hata jina nilimpa mimi. Siku anazaliwa kaka alikuwa kazini mbali, akaniambia kwa simu, "Chagua wewe." Nikachagua.

Upande wa mama yake amebaki mtu mmoja tu wa kuhesabika, mjomba wake, Mzee Loserian, Mwarusha wa Olmotonyi. Mfugaji, mtu wa maneno machache. Tangu dada yake afariki hakuwahi kukosa kuja kumwona huyu mtoto, na kila akija anakuja na kibuyu cha maziwa.

Watu wa mchumba wake walitoka Moshi, watu wazuri, wamevaa vizuri. Kikao kilikuwa nyumbani kwetu Meru. Kiti cha baba alikikalia kaka yetu mkubwa, mimi nikasimama kusema.

Nilianza vizuri wakuu. Wamecheka mapema kabisa.

Kisha kuku akaanza kuruka kifuani. Nikaendelea. Nikawa naona sura, jina lenyewe haliji, nafunika na utani. Likaletwa blanketi la mjomba. Zuri, zito. Nikalishika, nikawatazama watu wangu, na mbele yangu kukawa na mzee mwenye kofia anatabasamu. Nikamwita kwa sauti kubwa, "Mjomba wetu, njoo upokee haki yako."

Alikuwa jirani yetu, Mzee Elifuraha, aliyekuja kula pilau.

Na yeye akaja. Sijui alifikiri tumempa heshima ya ujirani. Akajifunika blanketi, akashukuru, akarudi kukaa nalo. Kwa kweli lilimpendeza.

Mzee Loserian alikuwa amekaa viti viwili kutoka pale. Hakugomba. Alichukua fimbo yake, akatoka, akapita kwenye migomba akashuka barabarani. Hata kumwona sikumwona. Niliposhtuka wanawake walishaanza kunong'ona, na wageni wa Moshi wanaangaliana.

Kwetu mjomba akiondoka hivyo, kikao kimekufa. Bila yeye kumbariki binti, binti haondoki. Tungeweza kulazimisha, lakini ndoa ya namna hiyo watu wanaihesabu vibaya mpaka watoto wanazaliwa. Wageni wakaambiwa warudi kwao, wataitwa.

Maneno niliyoyasikia wiki hiyo mtayajua wenyewe. Nimelewa. Nina kinyongo na Waarusha. Mwenye huruma akasema nimezeeka. Kaka mkubwa akanipigia, "Mdogo wangu, pumzika. Kikao kijacho tutatafuta msemaji mwingine." Aliongea kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko matusi.

Lakini kilichonivunja ni Neema. Alikuja Njiro, akaosha vyombo vyote, akafuta meza. Mlangoni akaniambia, "Baba, mjomba hapokei simu yangu."

Hapo nililia. Leo nasema ukweli tu.

Siku iliyofuata Mama Upendo alinipeleka kwanza duka la dawa la mtaani, tupime presha. Yule dada akafunga kile kipimo mkononi, kikajaa, kikashuka, kikaandika error. Akarudia, error. Akaleta kingine, kikagoma vilevile. Akanishika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo, akasema, "Mzee, mapigo yako hayana mpangilio. Nenda hospitali leo, usiseme kesho."

Nilikwenda. Wakanibandika nyaya kifuani, ile ECG. Daktari alikuwa binti mdogo, rika la wanangu, akaniamkia shikamoo kisha akanipa habari bila kuzungukazunguka. Ugonjwa unaitwa atrial fibrillation, wao wanafupisha AF. Vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma damu kwa mpangilio. Damu inaweza kutuama, ikaganda, bonge likapanda kichwani. Hicho ndicho kiharusi.

Nikamwambia kifua nakiweza, mimi shida yangu ni kichwa. Nikamweleza mambo ya blanketi. Hakucheka, na ninamheshimu kwa hilo.

Akasema wagonjwa wengi wa AF wanalalamika hivyo hivyo, kusahau, akili kuwa nzito. Ubongo unataka damu ije kwa utulivu, na kwangu ilikuwa inakuja ikikatika. Uchovu na usingizi mbovu vinaongezea. Ila hakuniahidi kwamba kila kitu kinatokana na moyo. Akanipima sukari, damu, tezi ya shingo, presha, na kichwa wakakipiga picha. Sikuwa na kiharusi. Nikaanza dawa ya kutuliza mwendo wa moyo na ya kuzuia damu kuganda, na akanikataza kuchanganya na mizizi ya mtu yeyote bila kumwambia.

Wakuu, nilitoka pale nikiwa na furaha ya ajabu. Nina ugonjwa wa moyo, na ninatembea natabasamu. Kumbe sijaanza kuwa mjinga. Kumbe kitu kina jina.

Baada ya wiki kadhaa kuku alitulia. Ukungu nao ukapungua, haukuisha. Nikaona sasa naweza kwenda Olmotonyi.

Tulikwenda mimi na Mama Upendo, na blanketi jingine, na sukari. Msiulize la kwanza, Mzee Elifuraha hatukumvua.

Mzee Loserian alitukaribisha vizuri, ndicho kilichonitisha. Akatupa maziwa ya mgando, tukanywa. Nikasema, "Shemeji, nimekuja kwa ajili ya siku ile." Nikamweleza yote. Gari sokoni, bawaba, ECG.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi sikukasirika kwa ajili ya blanketi. Blanketi ninazo. Nilidhani mmemfuta dada yangu."

Sikuwa nimeliona hivyo kabisa. Kumwita mtu mwingine mjomba wa Neema, mbele ya wageni, ni kusema mama yake Neema hakuwa na kwao.

Nikamwambia, "Dada yako yumo. Anayepotea ni mimi, si yeye."

Akauliza, "Hicho kitu kinaweza kurudi ukiwa umesimama?" Nikajibu kinaweza. Akanijazia maziwa tena. Halafu, "Basi usikifiche. Siku ile ulikuwa unakifunika na utani, nilikuwa nakuona, nikafikiri ni dharau." Kisha akasema kikao kikiitwa tena atakuja, kwa sharti kwamba nisimame mimi. Akiongea mwingine, watu watasema mjomba amemfukuza msemaji, naye hataki jina hilo.

Kaka mkubwa nilimpa salamu hizo mwenyewe. Alikubali, ingawa kwa kuguna.

Wageni wa Moshi wakarudi. Nikasimama, na kitu cha kwanza nikawaambia watu wote: "Nina ugonjwa wa moyo. Unanisahaulisha. Leo nikikwama nitasema nimekwama, na nikimruka mtu, asimame ajitaje. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, baadaye tuna kazi."

Walicheka. Shangazi mmoja akasema nilikuwa nasahau hata kabla ya moyo.

Nikaanza. Shangazi, bamkubwa, majina yakaja. Nilikwama mara mbili hivi, nikasema nimekwama, mtu akasimama akajitaja, tukaendelea. Blanketi la mjomba lilipofika sikutafuta sura. Nilikwenda mwenyewe mpaka kwenye kiti chake, nikamfunika mabegani. Nikasema, "Huyu ndiye kaka wa mama yake binti yetu." Mzee Loserian alitazama chini tu, lakini mkono wangu aliushika.

Likabaki jambo la mwisho, kumwita binti mwenyewe atoke ndani.

Nikageukia mlango, nikafungua mdomo, na jina halikuwepo.

Karibu kila mtu pale kikaoni nilikuwa nimempata. Huyu niliyembeba mgongoni, niliyempeleka shule, nimemkosa. Nilisimama. Siku ile ya kwanza ningetupa utani hapo. Safari hii nikasema, "Nimekwama."

Mzee Loserian alikuwa analijua jina, kaka alikuwa analijua, wote wale. Hakuna aliyelitaja. Mlango ukafunguliwa akatoka mwenyewe, na khanga zake kichwani, akaja mpaka mbele yangu mbele ya wageni wote.

"Neema, baba," akasema. "Ulilichagua wewe."

Nikamshika mkono, nikawageukia watu wa Moshi, nikawaambia kwa ile sauti yangu ya zamani, "Mmesikia. Anaitwa Neema. Na kwa binti anayejitambulisha vizuri namna hii, ile mahari tuliyokubaliana naona ilikuwa ndogo."

Wakacheka mpaka wazee waliopokea asali wakaimwaga. Mjomba akambariki. Ameolewa, yuko kwake.

Mimi bado nameza dawa, na kliniki nakwenda. Moyo kuna siku unaleta fujo na kichwa kuna siku kinalala, gari nimeshaliacha tena mara moja, safari hii nikampigia mke wangu nikamwambia limenipotea, akaja tukalitafuta wote. Dukani nimewaambia vijana wangu, nikitoka stoo na brashi wanirudishe. Kusema bado nasema, na mwezi ujao nimeshaombwa mahali pengine.

Nilichojifunza ni hiki, na kimenigharimu. Kusahau si lazima kuwe uzee, wala pombe, wala mkono wa mtu. Weka vidole kwenye kifundo cha mkono wako, upande wa kidole gumba, sikiliza mapigo. Yakiwa hayaeleweki usijadiliane na tangawizi, nenda ukapimwe. Na kama umeshaambiwa, waambie watu wako. Nilipokuwa naficha walinidhania mlevi. Nilipotaja, walinisubiri.

Mimi si daktari, kwa hiyo dozi za watu msiniulize. Ila mwenye AF humu, au anayemuuguza mzazi mwenye hali hii, na huo ukungu wa kichwa, karibu hapa chini utueleze unaishi nao vipi. Na kama uko Meru na umemwona Mzee Elifuraha na blanketi zuri zito, mwache nalo, msimulie habari hii.